Watoto wadogo na mikutano ya hadhara

Mhariri,

Naandika kuhusu wazazi wanaokwenda na watoto wadogo kwenye mikutano mikubwa ya hadhara. Sipingi mtoto kushuhudia mambo ya nchi yake. Napinga kumwingiza katikati ya umati. Watu wakisukumana, mtu mzima hubanwa kifua, lakini uso wake hubaki juu penye hewa. Mtoto wa miaka 3 yuko usawa wa mapaja ya watu, haonekani, na kilio chake humezwa na vipaza sauti.

Asiye na wa kumwachia mtoto asimame pembezoni, karibu na njia ya kutokea, na amwandikie namba ya simu mkononi. Waandaaji nao watenge mahali pa watoto waliopotea, wapatangaze kabla ya hotuba ya kwanza, si baada ya mama kuanza kulia.

Msomaji wako