Kijana Ashike Spana, Mzazi Asimamie Breki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu wenye kijana wa miaka 15, 16 au 17 anayewasihi wamruhusu afufue pikapu ya zamani. Ombi hilo linastahili kukubaliwa, tena kwa moyo mmoja, ila kwa masharti mawili ambayo ninaona yakipuuzwa mara nyingi: kazi ianzie kwenye breki wala si kwenye rangi, na mikono inayofungua nati iwe ya kijana mwenyewe.

Sidhani kama lipo gari linalofundisha vizuri kuliko pikapu ya zamani. Chevrolet za mwaka 1947, Ford za mfululizo wa F zilizoanza 1948, Toyota Hilux ya kwanza ya 1968 na Datsun 620 ya 1972 zote zimejengwa juu ya chasisi inayojitegemea, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya bodi, kwa hiyo kabini na bodi ya nyuma hufunguliwa boliti zikainuliwa, na mabomba, springi, shafti na kila kilichojificha chini kikaonekana. Chini ya boneti hakuna kompyuta. Kuna kabureta inayochanganya hewa na petroli, distribyuta inayogawa cheche kwa kila silinda, koili inayoongeza nguvu ya umeme wa cheche, na pampu ya petroli, na kila kimoja kinaweza kufunguliwa juu ya meza, kikasafishwa, kikaeleweka kazi yake na kurudishwa. Kijana aliyefundishwa darasani kwamba injini inataka hewa, mafuta na cheche kwa wakati wake, hapa anavitafuta vyote vitatu kwa mikono yake.

Tuchukue cheche peke yake. Gari lililolala miaka mingi mara nyingi hukosa cheche kwa sababu nyuso za platini, vile vibao vidogo vya kuunga na kukata umeme vilivyo ndani ya distribyuta, zimeshika utandu. Kijana huzisugua kwa msasa laini, huzungusha injini kwa mkono mpaka platini zifunguke kikamilifu, kisha hupima nafasi iliyo kati yake kwa fila geji, kipimo cha vibati vyembamba. Kwa injini nyingi za aina hii nafasi hiyo huwa kati ya milimita 0.35 na 0.5, na kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye neno la mwisho. Akiikosea, wakati wa cheche nao unahama. Baadaye atapanga waya za plagi, na katika injini nyingi za silinda nne mpangilio wa silinda kupata cheche ni 1-3-4-2. Akibadilisha waya mbili, injini itapiga chafya kupitia kabureta na kukataa kuwaka. Mzazi anayejua atakuwa ameliona kosa hilo tangu mwanzo, na hapo ndipo anapojaribiwa. Ushauri wangu ni kwamba auzuie mkono wake. Aulize tu, "Mwanangu, pistoni ya kwanza iko juu ikibana, au iko juu ikitoa moshi?" kisha asubiri, hata kama jioni nzima itapita, ilimradi chujio la hewa limefungwa mahali pake, kizima moto kiko karibu na hakuna aliyeinamisha uso juu ya kabureta.

Kwenye breki, hata hivyo, mzazi hana ruhusa ya kusubiri. Pikapu nyingi zilizoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zina masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) yenye njia moja tu ya mafuta, maana yake raba moja ikivuja kwenye gurudumu moja, breki zote nne zinapotea kwa mara moja. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu kutoka hewani: yale ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa makavu, lakini yakishashika maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140, na mafuta yanayochemka hutoa mvuke unaoiacha pedali ikizama bila kazi. Kwa hiyo raba zote zibadilishwe, mabomba yenye kutu yatupwe, mafuta mapya yawekwe na upepo utolewe kwenye kila gurudumu, na mtu mzima anayezijua breki akague kila kiungo kabla gari halijasogea hata hatua chache. Vumbi lililo ndani ya dramu za zamani lisipulizwe kwa pampu ya hewa, kwa sababu linaweza kuwa na asbesto. Lilowanishwe na kupanguswa. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo msasa wake uwe wa maji na kijana avae kinga ya pua inayofaa. Na kamwe asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Stendi imara ziwekwe chini ya chasisi, juu ya sakafu ngumu, kila siku, bila mjadala.

Naelewa kwa nini vijana hukimbilia rangi. Rangi inaonekana na kusifiwa, na kijana anataka wenzake waone kitu. Lakini chasisi huoza kwa ndani, mahali ambapo tope na maji hukaa, na puti iliyopakwa juu ya kutu hubanduka baada ya muda mfupi. Afadhali kijana apite na nyundo ndogo akigonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, asikilize panapotoa sauti butu, achokonoe hapo kwa bisibisi, na kama bisibisi inapenya, wazazi wamlipe fundi mzoefu wa kuchomelea, baada ya kuondoa betri na tangi la petroli. Ukaguzi huu ufanyike kabla ya kununua, kwani pikapu yenye chasisi iliyokwisha haifai kufufuliwa na mwanafunzi.

Wapo wazazi wanaopeleka gari gereji na kumkabidhi mtoto likiwa linang'aa. Hiyo ni zawadi nzuri, siikatai, ila kijana huyo hatajua kwa nini nafasi ya vali hubadilika. Na atahitaji kujua, maana nyingi za injini hizi zilibuniwa kwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo ililinda viti vya vali, yaani mahali vali zinapokaa zikifunga, na ambayo iliacha kuuzwa kwa magari duniani kote mwaka 2021. Nafasi ya vali ikaguliwe mara kwa mara, na siku silinda hedi itakapofunguliwa, viti vigumu viwekwe.

Kuhusu masomo, kazi ifanywe mwishoni mwa wiki na likizoni. Gari lililokwishangoja miaka 50 linaweza kungoja mitihani.

Namalizia kwa ombi kwa mafundi wakongwe wanaosoma gazeti hili. Ujuzi wa kusikiliza kabureta na kurekebisha cheche kwa sikio mnao ninyi, na magari mapya hayatamfundisha yeyote. Kijana akija na mzazi wake na kabureta ndani ya sanduku, msimfungulie. Mpeni nafasi mezani, afungue mwenyewe, nanyi mumwelekeze.

Wako,
Mzazi na msomaji wa gazeti hili