Kukubali na mpira sio kukubali bila mpira

Mhariri,

Mimi nauza dawa kwenye duka la mtaani hapa Mombasa, na Jumatatu asubuhi ndio wasichana wanakuja kuulizia P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, wengine wanaweka pesa mezani hata usoni hawataki kukutazama. Juzi mmoja nikamuuliza polepole, kondomu ilipasuka? Akasema haikupasuka, jamaa aliivua katikati bila kumwambia na yeye alishasema toka mwanzo bila mpira hataki. Nikamwambia mwanangu P2 inazuia mimba tu, ukimwi haizuii, nenda hospitali leo hii uombe PEP, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, kabla saa 72 hazijaisha. Na polisi je? Akasema alishapita, wamemuuliza, "Si ulikubali mwenyewe?"

Hilo swali limeniuma sana mhariri. Huyu msichana alikubali kitu kimoja akafanyiwa kingine!

Kanada kesi kama hii ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2022. Mwanamke aliweka sharti la kondomu, mara ya kwanza mwanamume akavaa, mara ya pili hakuvaa na mwenzake hakujua mpaka wamemaliza. Majaji watano kati ya tisa wakasema ngono na kondomu na ngono bila kondomu ni vitendo viwili, ukikubali kimoja hujakubali cha pili. California nao, kwa sheria waliyoipitisha 2021, aliyefanyiwa hivyo anaweza kwenda kortini akadai fidia.

Sisi Kenya Sheria ya Makosa ya Ngono tunayo tangu 2006 na kifungu cha 42 kinasema kukubali ni mtu aamue kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua, sasa aliyefichwa kwamba mpira umevuliwa ameamua saa ngapi? Kifungu cha 43 kinataja udanganyifu, mpaka mtu kuficha makusudi kwamba ana virusi vya ukimwi, lakini kuvua kondomu kisirisiri hakikitaji. Tena kifungu hicho hakiwahusu waliooana, na wake za watu pia wanakuja hapa dukani na shida hiyo hiyo.

Wabunge wetu waandike wazi kwamba hili ni kosa, ndani ya ndoa na nje. Na nyinyi polisi wa dawati la jinsia, msichana akija na habari hii msimwambie si alikubali mwenyewe, mpeni fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, na mumpeleke hospitali haraka kwa sababu zile saa zinahesabika.

Muuza dawa,
Mombasa