Risala ya Wasusi na Wapiga Ngoma wa Wete kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Mkoa wa Kaskazini Pemba na Wilaya ya Wete,
Masheha, maimamu na walimu wetu,
Wazee wetu, ndugu na jamaa mliohudhuria,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia uzima tukakutana hapa leo. Na wewe, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu. Shughuli zako tunajua ni nyingi, lakini ulipoambiwa kwamba wasusi na wapiga ngoma wa Wete wana maonyesho yao, ulisema utakuja, na umekuja, tena kwa wakati. Karibu Wete, mji wa mteremko unaomalizikia bandarini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina akina mama wanaosuka ukili na kushona kofia, vijana wanaocheza ngoma za kirumbizi na msewe, na wazee wachache wa ngoma na zumari. Huenda ukajiuliza msusi na mpiga ngoma wamekutana wapi. Wamekutana kwenye harusi. Harusi ya kwetu haifanywi na mwenye harusi peke yake. Huyu huleta jamvi, yule sufuria, mwengine hukaa na mbuzi ya nazi tangu alasiri, na kijana asiye na kitu huleta nguvu zake za kubeba maji na kuni. Mwenye zumari alikuja na zumari yake. Hakuna aliyemwandikia mwenziwe mkataba. Leo kwako, kesho kwangu, na aliyekosekana kwa mwenziwe bila ya udhuru alijua naye siku yake itakuwaje.

Ndivyo sanaa ilivyokaa mjini petu miaka yote hiyo: haikuwa na ofisi, haikuwa na bajeti, ilikuwa na zamu. Sasa zamu zimelegea. Watu wamehama kutafuta maisha, harusi nyingi zinafanywa ukumbini, muziki unakodiwa pamoja na spika zake. Sisi hatusemi watu wameacha kuipenda ngoma. Piga ngoma hapo nje sasa hivi, Mheshimiwa, uone watoto watakavyotoka majumbani! Kinachokosekana ni pahala pa kukutana na malipo ya kumfanya mtu akae na kazi hii badala ya kuikimbia. Risala yetu nzima ni hiyo, na yanayofuata ni maelezo yake.

Maisha ya mji huu yanakwenda na maji na karafuu. Bamvua likiingia, maji yakajaa na kutoka sana, akina mama wenye mashamba ya mwani wanashuka pwani, pamoja na wenzetu wanaovuka kwa mashua kutoka Fundo. Maji mafu yakifika, bahari ikawa haitoki sana, kazi ya pwani inapungua na mikono inarudi kwenye ukili. Halafu unakuja msimu wa karafuu, na huo ndio uliotuweka pamoja kuliko kitu chochote. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kisiwa hiki ndicho kinachoibeba karafuu ya Zanzibar. Karafuu ina kazi ya mchana na kazi ya usiku. Mchana watu wanachuma. Usiku wanachambua: polo linamwagwa katikati, watu wanalizunguka, karafuu zinakaa upande huu na makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule, na makonyo nayo hayatupwi, yanapelekwa kiwandani Wawi yakatolewe mafuta. Katika kuchambua, mikono ina kazi lakini midomo haina. Hapo ndipo hadithi, vitendawili na nyimbo za harusi zilipotoka kwa bibi zikaingia kwa mjukuu, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kujibizana kwa beti. Kisiwa hiki si ndicho cha washairi Kamange na Sarahani? Asubuhi karafuu inaanikwa juu ya jamvi, na jamvi lenyewe amelisuka mama yule yule aliyekuwa akiimba jana usiku.

Siku hizi kwenye kuchambua kila mmoja ana simu yake. Hatuilaumu simu, kwani na sisi tunazo, na oda zetu nyengine zinapitia huko huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye meza ya kwanza utaukuta mkeka wa rangi nne. Tunakuomba usiupite haraka. Ukindu wake umekatwa ungali mchanga, maana ukikomaa unakuwa mgumu na unachana vidole. Umeanikwa juani mpaka ukawa mweupe, ukachanwa, ukachemshwa na rangi, ukaanikwa tena, kisha ukalowekwa kidogo ili ulainike. Hapo ndipo msusi alipokaa chini. Ukili una upana wa vidole viwili au vitatu tu, na mama anausuka pima kwa pima, anaukunja na kuuweka pembeni, anaendelea. Nakshi yake haikuchorwa kwenye karatasi. Iko kichwani, anaihesabu: mbili juu, moja chini, nyekundu inaingia, nyeusi inatoka. Huku anahesabu, anamkaripia mtoto, anaitikia salamu za wapita njia na anajua sufuria jikoni imefikia wapi. Hesabu ikipotea mara moja, kosa halionekani hapo hapo. Litaonekana siku ya kushona, ukili huu ukikaa kando ya mwenziwe na maua yakakataa kukutana. Siku hiyo hakuna dawa ila kufumua.

Mkeka kama huo unachukua wiki nyingi. Anakuja mnunuzi, anaukunja, anaukunjua, anaupigapiga kwa kiganja, halafu anauliza kwa nini bei yake isiwe sawa na ya mkeka wa plastiki wa dukani. Kwenye kofia ni hivyo hivyo. Kofia nzuri ya mkono ina matundu madogo mno yaliyozungushiwa uzi mmoja mmoja, na mshonaji huitia macho yake mwezi baada ya mwezi. Inachukuliwa hapa kwa bei ya kutupa, inavuka bahari, na ikifika mitaa ya Mji Mkongwe inapata bei yake halisi, ila bei hiyo hairudi Wete.

Sasa tuje kwenye ngoma. Mpiga zumari wetu mkubwa amekaa pale nyuma chini ya mwembe. Tumemwekea kiti cha mbele, amekataa, anasema huko hakuna kivuli. Zumari haina nafasi ya kupumzika. Mpigaji anajaza hewa mashavuni, anaitoa kidogo kidogo huku anavuta pumzi kwa pua, na sauti haikatiki tangu mchezo unaanza hadi unakwisha. Ndiyo maana ukimwangalia utadhani ana tende mbili mdomoni. Katika kirumbizi, vijana wawili wanaingia katikati ya duara na bakora zao, wanazungukana, mmoja anapiga na mwengine anakinga. Mgeni anadhani ni ugomvi. Mwenyeji anaangalia miguu, kwa sababu mchezaji aliyeachana na ngoma ndiye atakayepigwa. Na mwenye zumari naye anawaangalia wachezaji wake. Akiona pambano limenoga anawachochea, akiona hasira inaanza kuingia anailegeza sauti, na vijana wanapoa bila ya kuambiwa neno. Spika haiwezi kazi hiyo, maana haioni.

Wachezaji wa kirumbizi tunao, tena wengi kuliko bakora zilizopo. Mpiga zumari wa kumpokea mzee huyu hatuna. Wapo vijana wawili waliojaribu, wakakaa naye kidogo, kisha wakaenda kutafuta riziki, mmoja kwenye bodaboda na mwengine kwenye uvuvi. Hatuwezi kuwalaumu. Zumari haijamlipa hata mwenyewe.

Wenzetu wa Unguja wametutangulia, na hatuwaonei wivu, au tuseme kidogo tu. Wana tamasha la filamu tangu 1998, wana tamasha la muziki la Sauti za Busara tangu 2004, na wana chuo cha muziki cha nchi za majahazi, DCMA, kilichoanza 2002, ambapo kijana anafundishwa udi, kanuni na fidla na walimu wa taarabu wenyewe. Kijana wa Wete akitaka kusoma huko inabidi avuke bahari, alipe nauli na atafute pa kulala. Watalii wengi wanaujua Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Wangapi wanaujua mchezo wa ng'ombe wa Pujini, Chwale na Kengeja? Ng'ombe amefungwa kamba ndefu, zumari na ngoma zinamshitua, mchezaji anamchezea kwa nguo mbele ya pembe, akina mama wanaimba, na nusu ya watazamaji wako juu ya miti. Wengine husema mchezo huu tuliachiwa na Wareno. Kama ni hivyo, basi sisi tumeutia adabu, kwani kwetu ng'ombe hauawi, anarudi zizini kwake.

Kuhusu mafanikio hatutakuchosha. Kikundi kimesajiliwa, kina akaunti ya benki, na wanachama wanawekeana na kukopeshana. Jumamosi na Jumapili watoto wa skuli wanakuja kujifunza ukili, wasichana na wavulana. Wavulana mwanzoni walikuwa wakificha kazi zao wakiona wenzao wanapita. Sasa wanashindana.

Changamoto, Mheshimiwa, tutazisema kwa adabu lakini tutazisema. Kikundi hiki kinaitwa sana kupokea wageni. Tunaambiwa tufike saa mbili asubuhi, msafara unafika saa saba, vijana wamesimama juani na ngoma zimeshapoa. Tunacheza dakika chache, msafara unapita, tunagaiwa soda. Taasisi moja, ambayo hatutaitaja, ilituahidi nauli ya kurudi, na nauli hiyo tunaisubiri hadi leo. Fundi wa umeme aliyefunga taa za shughuli ile alilipwa. Aliyekodisha viti alilipwa. Mpiga ngoma aliambiwa ahsante kwa kuienzi mila yetu.

Ukindu nao unakuwa wa shida. Mikindu inajiotea yenyewe kwenye mabonde na kando ya mashamba, na maeneo hayo sasa yanajengwa nyumba. Mama aliyekuwa akikata ukindu nyuma ya nyumba yake, leo anaununua kwa mafungu sokoni, na faida yake inaishia humo.

Kwa hivyo tunaomba, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Ombi letu kubwa ni kiwanja karibu na bandari, tujenge banda la kufanyia kazi na mazoezi. Hatuombi jengo. Mawe tumeshaanza kukusanya, mafundi waashi ni waume zetu na wana wetu, na msaragambo, kazi ya kusaidiana bila ya malipo, tunaujua. Tunaomba kiwanja chenye hati, kwa sababu banda la makuti tulilokuwa nalo tuliambiwa tuliondoe kwa kukosa karatasi. Abiria wa boti akishuka, akiona mama anasuka na kofia inashonwa mbele ya macho yake, hatauliza tena habari ya mkeka wa plastiki.

Tunaomba pia utusemee kwa wenzetu wa misitu, watupatie miche ya mikindu pamoja na sehemu ya kuipanda na kuilinda.

Kuna ombi la tatu ambalo haliwezi kungoja bajeti ijayo. Wazee wetu wanaojua nyimbo za kuchambulia karafuu, nyimbo za harusi na mapigo ya zamani ya zumari ni wachache, na kila mwaka tunazika. Tunaomba kifaa kizuri cha kurekodia na mtaalamu wa kutufundisha kukitumia. Kazi ya kukaa na wazee tutaifanya wenyewe, maana ndio wazazi wetu na tunajua saa za kuwapata. Nakala moja ibaki kwenye maktaba ya skuli hapa Wete, nyengine iwekwe katika Makumbusho ya Pemba pale ngomeni Chake Chake, na jina la mzee aliyeimba liandikwe.

Na kuhusu mialiko, tunaomba utoe agizo dogo: anayetuita atuandikie barua, ataje malipo, na alipe siku hiyo hiyo. Sare hatuombi. Fulana tunazo za kutosha, nyengine za kampeni za zamani ambazo hata wagombea wake wamesahau kama waligombea.

Mheshimiwa, tumekuandalia zawadi ya msala na kawa. Msala tunakuomba usiufungie kabatini, uswalie, ukindu ukikaliwa unazidi kulainika. Kawa mpelekee mama nyumbani, atajua lifunike nini.

Baada ya hapa tutapita mezani, tutaanza na mkeka ule wa rangi nne, na mama aliyeusuka yuko tayari kwa maswali, ila bei hapunguzi, tumeshajaribu. Kisha tutatoka uwanjani kwa kirumbizi. Ngoma ziko kwenye moto zinapashwa, na mzee amekubali kupiga kwa sharti moja, kwamba atapigia pale pale chini ya mwembe. Tunaomba ujumbe wako usiondoke kabla.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama,
Wete, Pemba