Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lamu

Assalaam alaikum, ndugu wanachama wa chama chetu cha kuchunguza bunduki za kale.

Naanza na msasa, maana ndio uliotutia aibu mwaka huu. Ile Enfield, bunduki ya Kiingereza tuliyoazimwa, iliyotobolewa mtutu zamani na haipigi tena, alipewa mwenzetu aitoe kutu. Akaisugua ikang'ara kama sufuria ya arusi. Kumbe kwenye ile pete ya chuma inayoshika kitako, chini ya mkono wa komeo (chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu), ndipo palipopigwa mihuri yote: taji, kiwanda, mwaka. Tukabaki na nusu taji na tarakimu moja. Tumemwomba radhi mwenye mali, nami zaidi, kwani ndiye niliyesema "isafishe".

Sasa ni kitambaa na mafuta mepesi ya cherehani, basi. Mafuta ya nazi nayo yakome. Najua hewa yetu ya chumvi inakula chuma, lakini nazi huvunda, hunasa vumbi, na sisimizi hawakawii.

Kikao kilichonifurahisha ni kile cha kulinganisha Enfield na Mauser 98 ya Kijerumani. Mzee wetu aliyewahi kuwa polisi wa akiba alifumba macho, akazitambua kwa mkono tu. Mauser springi yake ya kupigia risasi hukazwa unapoinua komeo. Enfield hukazwa unapolisukuma mbele, na ndiyo maana mkono hauchoki. Isitoshe, Enfield hubeba risasi 10, Mauser 5. Waliosimama upande wa Mauser wakasema meno ya kufungia ya komeo lake yako mbele, karibu na risasi, kwa hiyo ni imara zaidi. Hilo nalikubali.

Tukakumbushana pia kwamba askari wengi wa Wajerumani waliingia vita vya 1914 na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi: ukipiga mara moja, moshi unamwonyesha adui ulipojificha. Ndipo ujue mamia ya bunduki walizowateka Waingereza kule Tanga, Novemba 1914, zilikuwa na thamani gani kwao.

Ubishi wa picha ya bunduki ya Ishapore, kiwanda cha India, ulipoza kahawa ya watu. Aliyedai ni ya Vita vya Kwanza ameshindwa: magazini (kisanduku cha risasi) ya pembe nne ni ya bunduki aina ya 2A1, ya risasi za 7.62, iliyotengenezwa India kuanzia miaka ya 1960. Umbo ni lile lile la Enfield, lakini risasi ya .303, ile ya Enfield, si yake.

Wawili wameniuliza kuhusu magobori ya babu zao yaliyoko darini. Sheria haiulizi kama umerithi. Kukaa nayo bila cheti ni kosa. Msiyabebe mtaani. Wapigieni polisi kwanza, waje wenyewe. Chama hiki kinakusanya mihuri, vipimo na picha. Bunduki zina wenyewe.

Ada: nusu yenu hamjalipa, na mnajijua.

Daftari la mihuri liko kwa katibu. Anayeliazima asilipandishe mashuani.