Shukrani kwa fundi wa Keko aliyeinyoosha meza yangu

Namshukuru hadharani fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, ambaye, kwa ombi lake mwenyewe, simtaji jina.

Niliigeuza gereji ya nyumbani Mbezi kuwa karakana ya kuunda ndege ndogo ya viti viwili, na kikwazo cha kwanza kikawa meza. Bawa la alumini likiungwa juu ya meza iliyopinda, nalo hupinda, na ribiti (pini za kuunganishia bati) zikishapigwa, kulinyoosha ni kazi ngumu mno. Meza yangu ya mita 4 ilikuwa imejikunja kwa unyevu.

Mzee huyo alifika Jumamosi asubuhi na mpira mwembamba wa maji na nyuzi, wala hakuhitaji kipimo kingine. Alilinganisha pembe zote nne kwa maji hayo, ambayo husimama kimo kimoja katika ncha zote mbili za mpira, akapachika vibao chini ya miguu miwili, kisha akavuta nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe zikakutana katikati. Palipoonekana upenyo baina ya nyuzi hizo, aliutafuta upande uliojiinua, akapiga randa na kupima upya, mara tano hivi, ingawa mimi niliridhika tangu ya pili.

Kwa kuwa aliwahi kufunga madirisha ya alumini, alinitaka pia nihamishie nje mashine ya kusaga chuma, kwani vumbi lake likinasa kwenye alumini katika hewa hii ya chumvi, alumini huanza kuliwa.

Malipo aliyakataa, akakubali chai na chapati tu. Mafundi wenzake, jirani akiwaonyesha meza iliyopinda, tafadhali mpeni asubuhi moja.