Kabla ya msingi kuchimbwa shambani mwa kanisa, tuandikiane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mpango wa kujenga mtaa wa nyumba za bei nafuu kwenye shamba la kanisa letu hapa Malindi, njia ya kwenda Ganda. Tangu tangazo lisomwe baada ya ibada, ndilo gumzo la sokoni, la barazani na la kituo cha tuktuk. Nauunga mkono kwa moyo wote. Anayelipa kodi ya chumba Maweni, Kisumu Ndogo au Muyeye hahitaji kuelezwa kwa nini. Ila nasikia watu wakiulizana aina ya mabati na idadi ya vyumba, na hakuna anayeuliza yule atakayehamia pale atashika karatasi gani mkononi.

Sisi wa Malindi swali hilo tungelitanguliza kuliko watu wote. Tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyotaka kila mwenye dai katika ukanda wa Pwani ajitokeze na kuandikisha, wapo walioandikisha na wapo ambao mababu zao walilima pale pale bila jina lao kuingia daftarini. Wajukuu wa hao wa pili ndio leo wanaoitwa maskwota. Tukazoea pia mtindo wetu wa Pwani wa mtu kujenga nyumba yake juu ya ardhi ya mwenziwe, akilipa kodi ya ardhi kila mwezi au kila mwaka. Mambo huwa shwari maadamu mzee mwenye shamba yu hai. Siku akifariki, warithi wake wanaoishi mbali humtafuta mnunuzi, na mnunuzi huja na tingatinga. Aliyejenga kwa mawe, miaka yote akilipa bila kukosa, huambiwa achukue mlango wake na madirisha yake aende.

Kanisa linaweza kurudia jambo hilo hilo bila kukusudia. Mchungaji aliye nasi leo ni mtu wa watu na neno lake nalithamini, lakini wachungaji huhamishwa. Baraza la wazee hubadilika. Wadhamini waliosajiliwa kushika mali ya kanisa nao huzeeka, wengine wakaja ambao hawakuwahi kukaa nasi chini ya mwembe kusikia tulichokubaliana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ni mali.

Wala historia hatuna haja ya kuisaka mbali. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kanisa la Anglikana la Uingereza, walianzisha makazi ya watumwa walioachwa huru ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakayaita Freretown. Watu wakapata pa kuishi, shule na kanisa, na kengele yao iko hadi leo pale Kengeleni. Ardhi ikabaki kwa misheni. Suala la nani hasa mwenye haki juu ya ardhi ile likawasumbua watoto na wajukuu wa waliopewa hifadhi. Wema ulikuwepo, tena mkubwa. Kilichopungua ni haki iliyoandikwa kwa jina la mkaazi.

Ninachopendekeza ni hiki: ardhi ibaki ya kanisa na isiuzwe, hata kipande. Nyumba ziwe za wakaazi. Kati ya kanisa na wakaazi pawe na chama cha ushirika cha nyumba kilichosajiliwa, kikikodishiwa ardhi kwa mkataba wa miaka mingi, miaka sitini kwa uchache, uliosajiliwa katika ofisi ya ardhi na si kufungiwa ndani ya kabati la ofisi ya kanisa. Mkataba ueleze kodi ya ardhi itapandaje na kwa kipimo gani. Ueleze mkaazi akifa mjane na watoto wanarithi nini. Ueleze pia kwamba kanisa likibadilisha uongozi, mkataba haubadiliki.

Majirani zetu Waislamu wanalijua jambo hili kwa jina la wakfu. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Matumizi yake na faida yake ndiyo huwafikia waliokusudiwa. Pwani nzima tunaishi kando ya wakfu za misikiti, na kuna tume ya kisheria inayozisimamia. Kwa hiyo anayesema wazo la ardhi isiyouzika ni la kigeni, atembee Shella ya hapa Malindi awaulize wazee.

Na kwa nini isiuzwe? Kwa sababu tunaijua bei ya ploti Malindi. Ukimpa kila mtu hati yake huru, mwaka wa shida ukifika, mtoto yuko hospitali au karo imekwama, atatokea mwenye fedha kutoka Nairobi au ng'ambo na kumlipa taslimu. Baada ya miaka michache mtaa wa wapishi, wavuvi na walimu wa chekechea utakuwa mtaa wa nyumba za wageni wa Desemba. Wakaazi wa Tanzania-Bondeni kule Voi waliliona hilo mapema. Mtaa wao wa vibanda ulipoanza kuboreshwa mwaka 1991, walielezwa njia mbalimbali za kumiliki, nao wakachagua ardhi ishikwe kwa pamoja na kila mtu amiliki nyumba aliyoijenga. Anayehama huuza nyumba, si ardhi. Voi ni safari ya basi tu kutoka hapa. Naomba kamati ya kanisa iwapeleke wawakilishi wetu wakawasikilize wale watu wenyewe, mazuri na machungu yao, maana haikosi yapo yaliyowashinda.

Kuna jambo jingine ambalo tangazo halikuligusa: shamba lile si tupu. Upande wa chini zipo familia zinazolima mihogo na mahindi, na baadhi yao wamezaliwa pale pale. Ipo minazi iliyopandwa na watu walio hai. Hapa Pwani kila mtu anajua kwamba mwenye ardhi si lazima awe mwenye mnazi. Mnazi ni mali ya aliyeupanda na wanawe, hurithiwa na huuzwa peke yake. Yapo makaburi pia. Wakili anaweza kulishauri kanisa liwaondoe watu hao haraka, kwa hofu ya sheria inayomruhusu aliyekalia ardhi ya mtu kwa miaka 12 bila ruhusa kwenda mahakamani kuidai. Namsihi mchungaji na wazee wasiifuate njia hiyo. Familia hizo ziandikwe za kwanza kwenye orodha ya wakaazi. Minazi ihesabiwe mbele ya wenyewe, ule utakaokatwa ulipiwe. Makaburi yachorwe kwenye ramani na yapewe nafasi yao, kisha mtaa upangwe kuyazunguka.

Nikija kwenye upangaji wenyewe, ombi langu ni kwamba tusiitwe siku ya kukata utepe. Tuitwe sasa, karatasi ikiwa bado nyeupe. Msanifu majengo ni mtu muhimu, lakini hajui kwamba mama anayekaanga mahamri alfajiri anahitaji mahali pa jiko la kuni pasipomfukizia jirani. Hajui kwamba kwetu matanga hujaza watu siku kadhaa, na ukumbi mmoja wa pamoja wenye jiko na vyoo utazipunguzia gharama nyumba zote. Kule Denmark tangu mwaka 1972 kuna mitaa iliyopangwa na wakaazi wenyewe kwa namna hii, nyumba ndogo ndogo za kila familia na nyumba moja kubwa ya wote. Sisi ua wa pamoja na baraza tumevizoea tangu kale, ni kuvirudisha tu kwenye ramani.

Upepo nao una kauli yake. Nyumba zikigeuzwa vizuri, kaskazi na kusi zote zitapita madirishani na hutahitaji feni mchana kutwa. Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Mfereji wetu unategemea mitambo ya Baricho kwenye mto Sabaki, na kila mkaazi anajua wiki za kukauka. Kwa hivyo matangi makubwa ya kuvuna maji ya mvua yawekwe kwenye hesabu ya ujenzi tangu mwanzo. Mashimo ya maji taka yapimwe umbali wake na visima kabla ya ploti ya kwanza kuwekewa vigingi, maana ardhi yetu ni ya matumbawe na mchanga, na uchafu hupenya upesi.

Kuhusu fedha, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 humkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Lakini watu wa mtaa huu wengi hawana payslipu, yaani karatasi ya mshahara. Masika ikiingia na kusi likashika, hoteli nyingi hupunguza watu, wahudumu hurudi nyumbani bila mshahara, na mvuvi wa dau dogo hushinda ufuoni akishona nyavu. Mpango wowote utakaomdai mtu kiasi kile kile Mei kama Desemba utamtoa ndani ya nyumba yake kabla ya mwaka kuisha. Benki haiwezi kuusikiliza msimu. Kanisa na chama cha ushirika wanaweza, wakipanga malipo makubwa miezi ya wageni na madogo miezi ya mvua, na jumla ya mwaka ibaki ile ile. Muungano wa kitaifa wa vyama vya ushirika vya nyumba, NACHU, umekuwepo tangu mwaka 1979, nao wanayo maarifa ya vyama vya watu wa kipato kidogo. Waalikwe.

Mwisho, nyumba zisiwe za waumini wetu peke yao. Najua wapo ndugu kanisani watakaokunja uso, wakisema ardhi ilinunuliwa kwa sadaka za Wakristo. Mimi ni mmoja wa watoaji hao, na nasema jirani yangu Mwislamu aliyenipikia siku saba nilipofiwa ana haki ya kuandika jina lake sawa na mimi. Kigezo kiwe kipato na uhitaji, na orodha ibandikwe nje, hadharani.

Ninachoomba sasa kwa kamati ni rasimu ya mkataba wa ardhi. Iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, na ifafanuliwe kwa Kigiriama kwa wazee wa upande wa chini wa shamba. Wakaazi na familia zile wapewe miezi mitatu ya kuijadili na kuirekebisha kabla ya ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi kupelekwa kwa kaunti.

Muumini na mpangaji,
Muyeye, Malindi