Yah: Meza ya kuchomelea ya milimita 10 iliyofika ikiwa milimita 6

Bugarika, Mwanza

Kwa Meneja wa Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita niliagiza kwenu meza ya kuchomelea, mita 1.2 kwa 0.8, pleti ya milimita 10. Nililipa shilingi 620,000. Risiti ya EFD ninayo, na unene mliuandika wenyewe kwenye ankara.

Nakaa mlimani, toyo haifiki. Vijana wawili waliipandisha meza kwenye mawe, wakafika kwangu bado wanabishana habari za Simba na Yanga. Hapo ndipo nilipotia shaka. Pleti ya vipimo hivyo, bila miguu, inakaribia kilo 75. Nikaazima mizani kwa jirani yangu anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba: meza nzima, pamoja na fremu, kilo 66. Nikapima ukingo kwa venia, kile kipimo cha unene, milimita 6.

Tena haijanyooka. Fremu ya chini mmeichomelea mfululizo toka kona hadi kona, badala ya kushikiza vipande vifupi kwa kupokezana pande. Moto umeivuta pleti, katikati imebonyea. Nikilaza rula ya chuma, kijiti cha kiberiti kinapita chini yake. Geti la kwanza nililolitengenezea hapo lilitoka limepinda kona moja, mteja akalikataa, na haki yake. Rangi mliyopaka juu niliikwangua mwenyewe kwa grenda ili ethi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, ishike. Aliyepaka rangi juu ya meza ya kuchomelea sijui alitegemea umeme upite wapi.

Nilipopiga simu, kijana wenu aliniambia, "Mzee, chuma ni chuma." Basi mbona bei zenu za milimita 6 na 10 hazilingani?

Miguu ni mizuri, sina neno nayo. Nataka pleti ya milimita 10 iliyonyooka, ifungwe na fundi anayejua kazi, na gharama ya kuibeba iwe yenu. Ikishindikana, nirudishieni pesa yote mchukue meza yenu. Nawapa siku 14, kisha ankara na picha ya mizani nitazipeleka Tume ya Ushindani.

Mkileta pleti, njooni na vijana wanne. Wakija wawili wanapiga stori, nitaipima kabla hawajaitua.

Mteja wenu,
Fundi, Bugarika